Simu ya kijana wako: umuamini, umkague, umtilie programu au umpeleleze?

Wazazi huja dukani kwangu hapa Malindi na simu isiyo yao mkononi, na maneno hayatofautiani sana: "Fundi, nitilie kile kitu nione anaandikiana na nani." Kazi yangu ni kubadilisha vioo na kufungua simu zilizojifunga, si kulea wana wa watu. Lakini anayeuliza ana wasiwasi wa kweli, na "kile kitu" anachokitaka si kimoja. Njia ziko nne: kukubaliana na mtoto kisha kumwachia, kumkagua waziwazi, kumwekea programu ya uangalizi anayoijua, na kumpeleleza kwa siri. Nimeona kila moja ikifaa nyumba fulani, na kila moja nimeiona ikiharibika.

Ninamwandikia mzazi wa kijana wa kati ya miaka 12 na 17. Mtoto wa miaka saba hana haja ya mjadala huu. Simu ni yako, unampa na unaichukua.

## Kwanza jua unaogopa nini

Mzazi akija husema tu "hizi simu zinaharibu watoto". Ukimuuliza mara ya pili ndipo hofu yenyewe inapotoka, na hofu za mji huu ninazijua kwa majina.

Ya kwanza ni mtu mzima anayemtafuta mtoto. Hiyo haikuletwa na simu. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti juu ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani, ikikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakiingizwa kwenye ngono ya kulipwa. Wakati huo simu janja zilikuwa hazijafika mifukoni mwa watoto. Anayemtafuta mtoto alilazimika kupita ufuoni au kusimama karibu na disko, na watu wakamwona. Siku hizi anaingia kwa ujumbe wa "mambo", na asiwe mgeni wa hotelini kama tunavyopenda kufikiri. Aweza kuwa mtu wa mtaa wa pili anayemjua hata mwalimu wake.

Ya pili ni kamari, na hii ni ya wavulana zaidi. Kijana wa miaka 15 hana kitambulisho wala miaka 18 inayotakiwa na sheria, lakini laini ya mamake ina vyote viwili. Ile ndege ya Aviator, mchezo wa kamari wa kwenye simu, hupaa kwa pesa za M-Pesa ya mtu aliyelala.

Ya tatu ni picha: aliyotuma mwenyewe kwa aliyemwamini, na sasa anatishiwa nayo. Ya nne haina kishindo, nayo ndiyo ninayokutana nayo zaidi ninapofungua mipangilio ya simu za wanafunzi. Ni usingizi. TikTok hadi saa nane za usiku, halafu shule asubuhi.

Hofu hizi hazikamatwi na njia moja. Anayeogopa usiku mrefu akinunua programu ya kusoma jumbe amelipia kitu asichokihitaji. Na anayeogopa mtu mzima mwenye maneno matamu hatasaidiwa na kufunga TikTok saa tatu.

## Vipimo

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: inaona nini, nini kinaipita, gharama yake kwa pesa na muda, itaufanya nini uaminifu, na inamfaa nani. Kwenye uaminifu ndiko ninakoweka uzito mkubwa, na sababu yangu ni ya kazi tu. Katika simu kuna hatari ambazo hakuna mzazi atakayeziona kabla ya mtoto mwenyewe. Siku atakapoandikiwa "tuma pesa au naisambaza hii picha", ana saa chache za kuamua aende kwa nani. Jinsi ulivyoishika simu yake kwa miezi yote iliyotangulia ndiyo itakayoamua kama atakuja kwako.

Kuhusu sheria, kwa ufupi: kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na mawasiliano yake. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto faragha, na hapo hapo inambakishia mzazi haki ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Kwa hiyo kusimamia si kosa. Ubishi ni juu ya kiasi.

## 1. Makubaliano, kisha kumwachia

Inaona nini. Kwa macho, hakuna. Unapata anachokuambia, na unausoma uso wake anapokuambia. Mnakaa, mnawekeana masharti machache yanayotimizika, na simu yake huigusi. Masharti ninayosikia yakidumu majumbani ni kama haya: saa nne za usiku simu zote, ya baba ikiwemo, zinalala sebuleni kwenye chaja, hakutani na mtu aliyemjua mtandaoni kabla hajakutajia, hatumi picha ya mwili wake kwa yeyote, hata anayesema anampenda, hapokei pesa wala simu kwa mtu usiyemjua. Hilo la mwisho msilipite haraka. Katika mji wa watalii, simu mpya ambayo hukuinunua wewe ni ishara kubwa kuliko ujumbe wowote utakaousoma.

Kisha kuna sharti linalokufunga wewe: akija mwenyewe kukuambia ameharibu, simu haichukuliwi wala hapigwi. Hapa ndipo wazazi wengi wanaponikatalia. "Akosee halafu nimchekee?" Usimchekee, mpe adhabu nyingine. Mtoto anayejua kwamba kusema ni kupoteza simu atanyamaza, na atazidi kulipa au kutuma picha nyingine akidhani anayazima. Anayemtishia analijua hilo vizuri, ndiyo maana silaha yake ya kwanza huwa "nitamwambia mamako". Ukishamwambia mwanao mapema kwamba mama hatampokonya simu wala kumpiga, silaha hiyo haina risasi.

Nini kinaipita. Aliyeshanaswa. Mtu mzima mwenye nia mbaya humfundisha mtoto kuficha, na makubaliano hayana jicho la kuona kilichofichwa. Kamari nayo huitambui mpaka pesa zipungue.

Gharama. Pesa hakuna, muda ni mwingi. Mama anayefanya zamu za usiku hotelini au baba anayeshinda baharini anaweza kuweka masharti mazuri sana ambayo hakuna wa kuyaangalia.

Uaminifu. Unakua. Likivunjwa sharti, wote wawili mnajua lililovunjwa ni lipi, kwa kuwa mlilitaja.

Inamfaa kijana wa miaka 15 na kuendelea ambaye tayari mnazungumza, na nyumba ambayo watu wazima nao wanazifuata sheria zao. Haimfai wa miaka 12 aliyepewa simu ya kwanza wiki iliyopita. Huyo bado hajui cha kukuambia.

## 2. Ukaguzi wa waziwazi

Hapa nambari ya siri unaijua, na mtoto anajua kwamba unaijua. Mnakaa pamoja siku mliyoagana, mnaipitia simu.

Inaona nini. Mengi, ukijua pa kutazama. Usianze na jumbe. Anza na orodha ya programu zote, halafu mipangilio ya matumizi ya muda, ambayo simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zinayo na inaonyesha kila programu imekula saa ngapi. Kisha makundi ya WhatsApp, nani alimwingiza na nani ni msimamizi. Ukiona vikokotoo viwili kwenye simu moja, uliza cha pili ni cha nini. Kuna programu za kuficha picha zinazojivika sura ya kikokotoo. Ukikuta GB WhatsApp, jua si ile WhatsApp yenyewe. Haipatikani kwenye Play Store, na watu huipenda kwa sababu ya mambo inayoruhusu kuficha.

Nini kinaipita. Ujumbe unaotoweka, picha za kutazamwa mara moja, na tangu 2023 soga ambazo WhatsApp inaruhusu kufungwa na kufichwa zisionekane kwenye orodha ya kawaida. Mtoto anayejua Jumamosi ni ukaguzi ana siku sita za kufuta. Kwa hivyo ukaguzi haumkamati mjanja. Unamsaidia asiye mjanja, ambaye bado hajui kuwa yule "dada" anayemuahidi kazi ya urembo Mombasa anastahili kutiliwa shaka. Watoto wengi ni wa aina hii ya pili.

Gharama. Nusu saa kwa wiki, na uvumilivu. Pia utaingia katika siri za watoto wa wenzako. Rafiki yake amemwandikia kuhusu wazazi wake wanaoachana, hayo hayakukuhusu na hukuruhusiwa na mwenyewe. Ukijikuta unasoma mazungumzo marefu ya wasichana wawili, umeshatoka kwenye usalama, umeingia kwenye udaku.

Uaminifu. Inategemea namna kuliko njia nyingine yoyote. Ukaguzi mlioagana, mtoto akiwa ameshika simu mwenyewe na kukuonyesha, hauumizi sana. Ukaguzi wa kumvamia akila, ukamsomea ujumbe kwa sauti mbele ya kaka zake na shangazi, ni aibu ambayo hataisahau, na nyumba zetu zilivyojaa watu, kabla ya Isha mtaa mzima umeshajua. Nawaambia wazazi: utakachokikuta, kizungumzieni wawili.

Inamfaa wa miaka 12 hadi 14, na mzazi anayeweza kusoma simu bila kutetemeka. Inamfaa pia aliyevunja makubaliano na anajenga upya jina lake, mradi mtaje mwisho wake: mpaka likizo ijayo, mpaka atimize miaka kadhaa. Ukaguzi usio na mwisho humfundisha kutafuta simu ya pili.

## 3. Programu za uangalizi anazozijua

Inayotumika zaidi kwa simu za Tecno, Itel, Infinix na Samsung tulizonazo ni Family Link ya Google. Haina malipo. Wachache wenye iPhone wana mipangilio ya Screen Time ndani ya simu yenyewe, tangu 2018.

Inaona nini. Family Link inakuonyesha muda wa kila programu, inakutaka uidhinishe anachopakua Play Store, inafunga simu saa za kulala, inachuja YouTube na kivinjari cha Chrome, na inakuonyesha simu ilipo. Watu hushangaa nikiwaambia jambo hili: haikusomei WhatsApp. Haikuundwa kwa hilo. TikTok nayo tangu 2020 inakuwezesha kuunganisha akaunti yako na ya mtoto, uweke muda na uchuje video. Instagram ilianzisha mwaka 2024 akaunti za vijana walio chini ya 18, ambazo ni za faragha tangu mwanzo, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza masharti bila mzazi.

Hayo yote yanasimama juu ya kitu kimoja ambacho hakuna anayekiangalia, nacho ni mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa akaunti ilipofunguliwa. TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kupokea ujumbe wa faragha kabisa. Ulinzi mzuri, na ni wa bure. Lakini akaunti nyingi za Gmail na TikTok ninazoziona kwenye simu za watoto zilifunguliwa kwa haraka na muuzaji au binamu, zikaandikwa mwaka wa 1998 au wowote uliokuja kichwani. Kwa mtandao huyo ni mtu mzima, na kila ulinzi umeshazimwa. Kabla hujatafuta programu yoyote, rekebisha tarehe hiyo. Nimeona hatua hiyo peke yake ikifanya kazi kuliko vingi wanavyoniomba.

Nini kinaipita. Maneno matamu, kwa kuwa jumbe haisomi. Simu ya rafiki. Simu ya pili. Na ramani ya kuonyesha alipo, inayowavutia sana wazazi, kwetu huku ina kasoro: bila data haisasishwi. Vijana hununua bando la saa moja, wakimaliza wanazima data. Ramani itakuambia yuko Gede kumbe alishafika nyumbani tangu alasiri, na wewe umeshampigia kelele.

Gharama. Ya pesa ni ndogo. Utahitaji simu yako yenye data na akaunti ya Google ambayo nambari yake ya siri unaikumbuka. (Nusu ya wanaokuja kwangu wameisahau.) Kila mara mtoto akiomba programu, simu yako italia. Ukichoka na kuanza kukubali kila ombi, afadhali usingeiweka.

Uaminifu. Wa kati. Mtoto anaona kwenye simu yake kwamba anasimamiwa na anaweza kusoma mzazi anaona nini, hakuna hila. Kwa aliyezidi miaka 13 ambaye ana akaunti yake tayari, programu humtaka yeye mwenyewe akubali kusimamiwa. Wazazi hulalamika juu ya hilo. Mimi naona ni vizuri, maana linakulazimisha kuzungumza naye kwanza. Kinachokera vijana si kufungwa kwa TikTok bali kufungwa bila kuambiwa.

Inamfaa anayeogopa usiku, muda na video zisizomfaa mtoto. Inafaa simu ya kwanza. Kwa anayeogopa mtu mzima, ni msaada wa pembeni tu.

Kwenye pesa, mzazi ana chombo kingine kisichohitaji kugusa mazungumzo ya mtoto. Safaricom ilitoa M-PESA Go mwaka 2022 kwa wenye miaka 10 hadi 17, chini ya usimamizi wa mzazi. Ukiona pesa zinaingia kutoka nambari usiyoijua, una jambo la kuuliza bila kusoma hata neno moja. Na nambari ya siri ya M-Pesa yako wewe, ibadilishe leo kama kijana anaijua. Mambo mengi ya kamari yanaishia hapo.

## 4. Kupeleleza kwa siri

Hii ndiyo inayoombwa zaidi kwa sauti ya chini. Huja kwa namna mbili: programu za kulipia zinazofichwa ndani ya simu, au mzazi kuichukua simu mtoto akiwa amelala na kuunganisha WhatsApp yake na kifaa kingine.

Inaona nini. Kila kitu, au karibu. Jumbe, picha, simu zilizopigwa, mahali. Kwa mtoto aliyefundishwa kuficha, hii ndiyo pekee inayoona ndani.

Nini kinaipita. Kidogo kwa siku za mwanzo, kingi baadaye. WhatsApp ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kijana yeyote anayejua kuitazama ataiona kompyuta asiyoijua. Programu za siri hula betri na bando, na kwa mtoto anayenunua data kwa shilingi zake, bando kuisha ghafla ndiyo kengele ya kwanza. Huniletea simu yeye mwenyewe: "Fundi, kuna kitu kinakula data."

Gharama. Kubwa kuliko inavyoonekana. Hulipiwa kwa mwezi, mara nyingi kwa dola. Hukutaka uzime ulinzi wa Google kwenye simu, na ukishauzima umeuzima kwa wezi wengine pia. Halafu picha na jumbe za mwanao haziji kwako moja kwa moja, hupitia kompyuta za watu usiowajua. LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za waliopelelezwa zikaibwa, na ikafunga biashara. mSpy imevuja zaidi ya mara moja, mara nyingine ikiwa 2024. Mzazi aliyetaka kumlinda binti yake ndiye aliyezipeleka picha zake huko.

Uaminifu. Wazazi wa msikitini huliletea dini, na dini ina pande mbili hapa. Mmoja atakusomea Surat al-Hujurat, aya ya 12, "wala msipelelezane". Mwenzake atamjibu kwa hadithi ya kila mmoja wenu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Nimewasikia wakibishana kwenye baraza mpaka kahawa ikapoa, na sikuona aliyeshinda. Ninachoweza kusema mimi ni hiki: ukigundua jambo kwa siri, utalitumiaje? Ukimuuliza, umejifichua. Ukinyamaza, umelibeba peke yako. Wengi hubuni uongo, "nimeambiwa na mtu", na mtoto anaanza kuwatuhumu marafiki zake. Akishajua, na wengi hujua, hatarudi kukuambia lolote la simu.

Inamfaa nani basi? Ipo hali. Mtoto ana dalili nzito: anatoweka, ana pesa zisizo na maelezo, anazungumza juu ya kujiumiza, au kuna watu wanaomvuta katika makundi ya itikadi za kuua, jambo ambalo Pwani tunalijua. Ameulizwa kwa upole na kwa ukali, hasemi. Hapo kujua leo kuna uzito kuliko kuaminiwa kesho. Ukifika huko, usiwe peke yako: mzazi mwenzako ajue, muda uwe mfupi, na unachokitafuta ukitaje mapema. Na akishatimiza 18, sahau kabisa. Kuingia kwenye simu ya mtu mzima bila ruhusa yake kunakupeleka kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, uwe mzazi usiwe.

## Vipi kuhusu mulika mwizi?

Wengine huniambia, nipe tu simu ya vibonyezo yaishe. Kwa wa miaka 12 anayehitaji kupiga simu akitoka madrasa, ni jibu zuri na sitacheka. Kwa wa miaka 16 ambaye mwalimu anatuma kazi kwenye kundi la WhatsApp, umemhamishia tu kwenye simu za wenzake, ambako hakuna njia yoyote kati ya hizi nne inayofika.

## Kwa hali yako

Ikiwa mtoto hana simu yake na anatumia yako, kama ilivyo nyumba nyingi hapa, tengeneza akaunti ya pili ya mtumiaji ikiwa simu inakubali, na funga M-Pesa na picha zako. Hofu kubwa hapo ni yeye kuona yako, si wewe kuona yake.

Simu ya kwanza, miaka 12 au 13: programu ya uangalizi pamoja na ukaguzi wa wazi, na mwaka wa kuzaliwa ulio sahihi. Mwambie tangu siku unayomkabidhi kwamba masharti yatalegezwa, na kwa hatua zipi.

Mwanafunzi wa bweni anayeshika simu Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka tu: usianze likizo kwa ukaguzi. Ametoka kwenye miezi mitatu ya kengele na filimbi. Makubaliano yanatosha, pamoja na chaja ya sebuleni. Tazameni mwenendo wa wiki ya kwanza ndipo muamue zaidi.

Mama yuko Saudia au Qatar na mtoto yuko kwa bibi Barani: njia ya makubaliano peke yake itamwelemea bibi. Family Link inasaidia, lakini Google hutaka watu wa kundi moja la familia wawe katika nchi moja, kwa hivyo msimamizi na awe shangazi au mjomba aliye hapa. Mama abaki kwenye video ya jioni. Asiwe yule anayepiga simu kuuliza tu "umefanya nini", maana kwa mbali kiasi hicho mazungumzo ndiyo pekee aliyobaki nayo.

Kijana wa kamari: acha jumbe zake, shika pesa. Badilisha nambari zako za siri, tazama taarifa za M-Pesa, mwekee M-PESA Go. Ukianza kumsomea WhatsApp kwa sababu ya Aviator, utagombana naye kwa mambo ambayo hukuyatafuta.

Miaka 17 kuelekea 18: ondoa kilichobaki, kimoja kimoja, ukiwa bado upo karibu. Anayeondolewa uangalizi wote siku anayopata kitambulisho huenda chuoni akiwa hajawahi kujisimamia hata wiki moja.

Na ikiwa tayari kuna mtu anamtishia kwa picha, usichague chochote katika hivi. Usimpige, usichukue simu ukaifuta, na msilipe. Pigeni picha za skrini za vitisho, nambari na jina la akaunti, kisha mumzuie. Picha yenyewe ya mtoto usiisambaze kwa yeyote, hata kwa mjomba anayetaka "kuhakikisha". Kuituma ni kosa kwa sheria, na ni kumuumiza mara ya pili. Pigeni 116, simu ya watoto, haina malipo na inapokelewa usiku na mchana. Nendeni dawati la jinsia katika kituo cha polisi au ofisi ya watoto, na simu iwe mkononi mwa mtoto mwenyewe mnapoingia, yeye ndiye anayejua ilianzaje.